Makaburi ya Sinema

Kamuli, Karagwe
16 Juni 1996

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Sisi huku tunaamka, tunakula, Jumapili tunakwenda kanisani. Hiyo ndiyo salamu yetu na ni ya kweli.

Adventina yuko darasa la pili, anasoma kila anachokiona, hata maandishi ya gunia la sukari. Gaudi alikuwa na homa, nimembeba mgongoni mpaka mgongo wenyewe ukashika homa. Sasa anakula. Kahawa inaiva kidogo kidogo. Asubuhi nachuma yetu, mchana nakwenda kuchuma ya watu. Huku bado watu wanalia meli ile iliyozama mwezi uliopita. Bugomora kuna nyumba walikaa matanga bila mwili wa kuzika, na mama wa kijana yule mpaka leo akisikia gari anatoka nje kuangalia.

Haya, watu wako wa televisheni wamefika. Walishusha mashine ya umeme, nyaya, mbao, na bibi mmoja mnene ambaye kazi yake ni kuwapaka wenzake poda. Mji wetu wameugeuza kuwa mji wa huyo Mzee Kashaija wa kwenye mchezo. Wamejenga nyumba mbili. Moja ni msonge wa nyasi kama ule wa babu, wazee wa hapa ndio walioufuma, umesimama pale mpakani, nusu kwetu, nusu kwa Mama Renatha. Nyingine ni nyumba ya matofali ambayo si ya matofali. Ni ukuta mmoja wa mbao uliopakwa rangi. Una mlango, una dirisha na pazia, halafu nyuma hakuna kitu, ni migomba tu. Gaudi anafungua mlango, anaingia, anajikuta nje. Anarudi, anaingia tena. Ananiuliza, "Mama, wenye nyumba wako wapi?"

Huyo anayeigiza Mzee Kashaija ni mtu wa pwani, mpole, ana salamu nzuri. Lakini walipompa mundu akate mkungu, akaangusha mgomba ambao haujazaa. Mama Renatha alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu ndiye baba mwenye mji? Watoto wake watakula poda!"

Sasa jambo lenyewe. Mkubwa wao, wanamwita Mwongozaji, anataka kung'oa ile milamula ya mpaka. Anasema inaziba msonge. Anataka aihamishie huku juu, karibu na jiko langu, ili picha iwe na majani nyuma. Nikamwambia, "Baba, yale siyo maua. Aliyapanda baba yetu na marehemu mume wa Mama Renatha, wazee wamesimama. Hayo ndiyo yanayosema hapa ni pa nani." Akanijibu, "Mama, tukimaliza tunairudisha ilipokuwa. Kaka yako ni mwenzetu, unaogopa nini?" Mama Renatha naye akasema waache, sisi tunajuana. Mimi sijakubali. Nimesema nakuuliza wewe, kwa kuwa mji ni wako, mimi nimerudi tu kukaa.

Na kuna lile jingine. Katikati ya mpaka na jiko, kwenye mibuni ya mama, ndipo alipolala mtoto wangu. Wewe ndiye uliyechimba, unapajua. Tafadhali waambie wasipakanyage. Siwezi kuwaeleza wageni jambo ambalo hata padri hatukumweleza.

Jibu upesi, kaka. Hawa watu wana haraka kama wanaokimbiza mvua.

Ni mimi mdogo wako,
Deodatha


Dar es Salaam
9 Agosti 1996

Mdogo wangu mpendwa, Mama Adventina,

Marahaba. Nimefurahi sana kusikia mko salama. Mimi ni mzima, joto tu. Mwambie Adventina asome, mjomba wake atamtafutia nafasi huku. Ukiitazama karatasi hii utaona nembo ya kampuni juu. Siyo kila mtu anaruhusiwa kuiandikia.

Dada, huelewi ukubwa wa jambo hili. Nilipowaambia nina mji Karagwe wenye migomba, kahawa na vilima nyuma yake, Mwongozaji alinishika bega mbele ya wote, akasema, "Gosbert, wewe siyo mtu wa kubeba taa tena." Unasikia? Mchezo huu utakuwa wa kwanza wa aina yake, familia ya shamba, baba, wake, watoto, ugomvi wa urithi, kila wiki nchi nzima imekaa inatazama. Na mji ni wa kwetu! Watu watasema, mji ule ni wa nani, wataambiwa ni wa akina Gosbert.

Kwa hiyo wape wanachotaka. Milamula ni mimea, ilipandwa na itapandwa. Watairudisha, wana watu wa kazi hiyo. Usinitie aibu kwa mambo madogo, naomba sana. Mwisho wa mwaka wataandika majina ya watu wa kudumu na langu litakuwepo.

Nisalimie Mama Renatha na majirani wote. Gaudi mpe dawa kamili, usikatishe akishapata nafuu.

Kaka yako,
Gosbert


Kamuli
20 Oktoba 1996

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza vizuri. Adventina amepoteza meno ya mbele na anacheka huku ameziba mdomo. Gaudi hajambo.

Habari mbaya kwanza. Mama Renatha amefariki. Aliugua kifua, alikuwa amekonda mpaka nikimgeuza kitandani naona nimemgeuza mtoto. Mwanawe Theoneste alirudi kutoka Mwanza akamkuta bado anaongea. Tumemzika kwake, upande wa chini. Unajua alivyokuwa kwangu. Mwaka ule nilipofukuzwa na baba wa watoto nikiwa na mimba, ndiye aliyenipokea huku. Ndiye aliyenizalisha yule mtoto, ndiye aliyemmwagia maji ya ubatizo kwa kikombe cha chai alipoona hatafika asubuhi. Sasa tuliomwona mtoto yule na macho yake wazi tumebaki wewe na mimi.

Barua yako ilifika walipokuwa wameshang'oa. Hawakungoja. Wameondoka tangu mwezi uliopita. Msonge wameuvunja, nyasi nimewashia moto. Ule ukuta wenye mlango wameukata vipandevipande wakaupakia kwenye lori, na Gaudi alilia kama wamechukua nyumba kweli.

Nikueleze siku ya msiba. Kwenye mchezo Mzee Kashaija anakufa. Walitaka makaburi ya ukoo, wakatafuta mahali penye picha nzuri, na Mwongozaji akanyoosha kidole kwenye mibuni ya mama. Nikamwendea. Nikamwambia, hapo pana kaburi. Akasema, "Vizuri sana mama, basi tutaongeza mawili." Hakuwa na ubaya, kaka. Aliona amepata bahati. Wakachimba shimo la Mzee Kashaija pembeni, na tuta jingine wakasema ni la mke wake mkubwa. Lile la mtoto wakaliongezea udongo lifanane na mengine. Nilisimama pale. Nilikuwa na Gaudi mgongoni.

Ndani ya sanda waliweka gogo la mgomba. Watu wa kijiji waliitwa kulia, kila mmoja akapewa mche wa sabuni. Na mimi nikaambiwa nilie. Nililia. Mwongozaji akapiga makofi, akasema, "Mama analia vizuri, tena, rudia, wingu lilipita." Nikarudia.

Walivyoondoka waliacha matuta matatu yaliyo sawa, na milamula iko mlangoni mwa jiko langu. Nilipowakumbusha kuirudisha walisema lori limejaa na safari ni ndefu, nyie wenyewe mtairudisha. Sisi wenyewe! Unajua hatung'oi mlamula. Nikiugusa mimi peke yangu nimekuwa mwizi wa shamba. Na sasa kwa mvua hii imeshika, inatoa majani mapya.

Kaka, ukipata likizo ya Krismasi njoo. Siyo kwa sherehe. Uje uite wazee, mbele ya Theoneste, useme milamula hii ilihamishwa na wenzako, na useme ni kaburi lipi. Theoneste hakuwepo mwaka ule, hajui kitu. Bado tunasalimiana vizuri, ndiyo maana nasema uje sasa.

Deodatha


Dar es Salaam
11 Januari 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wajomba zangu. Pole sana kwa msiba wa Mama Renatha, alikuwa mama kwetu sote. Nimemwombea misa.

Krismasi kazi zilikuwa nyingi, hatukupumzika. Sasa wanakata na kuunganisha picha, ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Nimeona vipande. Dada, ungeona mji wetu! Kile kilima cha nyuma asubuhi, ukungu umekaa kwenye migomba, mtu utadhani ni mahali pengine kabisa.

Kuhusu mpaka usiwe na wasiwasi. Picha ndiyo shahidi. Mchezo ukionyeshwa kila mtu ataona kila kitu kilivyokuwa, hakuna atakayebisha. Vumilia kidogo.

Barua zako uziandike kwa anwani mpya niliyoweka nyuma ya bahasha, ni ya gereji ya rafiki yangu. Kule kazini barua zinapotea.

Nimewatumia watoto peremende kwa mtu wa basi, nijulishe kama zimefika.

Gosbert


Kamuli
3 Machi 1997

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Peremende hazikufika, lakini asante. Wakimbizi wamerudi kwao, soko limepoa, ndizi zinaivia mikononi. Adventina amekuwa wa nne darasani. Mimi nimechoka, kaka, niseme tu hivyo. Nikikaa kumenya ndizi nasinzia na kisu mkononi.

Barua hii anaileta Mwalimu Laurensia, anakuja Dar es Salaam kwa mdogo wake. Nimemwambia akupe mkononi. Isome yote kabla hujamimina chai.

Theoneste amelima mpaka kwenye milamula. Nilitoka asubuhi nikamkuta ameinama na jembe, amefika kwenye mibuni ya mama.

Nikamwambia, "Baba, unalima kwangu."

Akajinyoosha, akanisalimia vizuri kabisa. "Dada Deodatha, mimi nalima mpaka kwenye mlamula. Mlamula uko wapi?"

"Uko jikoni kwangu! Wewe umeona wapi mpaka unapita kwenye mafiga?"

"Sikuupanda mimi."

"Walioupanda ni watu wa mchezo."

"Basi waite waje waung'oe. Mimi mlamula siugusi, na wewe usiuguse. Marehemu mama angekuwepo angesema. Hayupo."

"Kuna mtoto wangu pale, Theoneste."

Akaangalia yale matuta matatu, akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Dada, pale kuna gogo la mgomba. Nilionyeshwa nilipokuja kuzika."

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akawaita wazee, tukakaa pale pale shambani. Nikasema yote, kaka. Nilisema mbele ya wanaume tisa yale ambayo mimi na wewe hatujawahi kuyatamka hata tukiwa wawili. Kwamba nilirudi na mimba, kwamba mtoto alizaliwa, akalala siku moja, akafa, kwamba ulimzika jioni mvua ikinyesha kwa sababu ukoo wa baba yake ulimkataa na sisi tuliona aibu kupiga yowe.

Mzee Xaveri akasema, "Makaburi yapo, mama, hatukatai. Yapo matatu, na sote tulihudhuria. Mimi mwenyewe nimeogea sabuni ya msiba ule mpaka Noeli." Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Hata mimi ningecheka kama lisingekuwa langu.

Mwenyekiti akauliza, "Mtoto wa ukoo mwingine, azikwe hapa? Nani alimwona?" Nikasema Mama Renatha na kaka yangu. Akasema, "Mmoja marehemu, mmoja yuko mjini. Mwenye mji aje aseme mwenyewe. Asipokuja, tutafukua tuone. Penye mtu ni pako mpaka chini kwenye mpaka wa zamani. Penye gogo ni pa Theoneste."

Kikao ni Jumamosi ya pili baada ya Pasaka.

Sikuombi kitu kingine chochote. Sihitaji kitenge, wala sukari, wala Adventina kuja kusoma mjini. Njoo usimame pale, uweke mguu wako mahali, useme ni hapa. Halafu panda gari lako urudi.

Deodatha


Dar es Salaam
2 Mei 1997

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema na kikao kilikwisha kwa amani. Nilijitahidi sana lakini msimamizi hakunipa ruhusa, tuko kwenye hatua ya mwisho na mimi ndiye ninayejua mambo ya kule. Ungeona hali ilivyo ungenielewa.

Nimekufanyia jambo kubwa zaidi ya kuja. Nimekutumia kanda ya video yenye sehemu ya msiba, nzima. Aliyenipa amehatarisha kazi yake. Ipeleke parokiani, Sista Jovitha ana deki. Waite wazee waone, halafu wabishe.

Nisalimie watoto.

Gosbert


Kamuli
14 Septemba 1997

Kaka Gosbert,

Shikamoo. Naandika nimekaa mlangoni, Gaudi amelala kwenye mguu wangu na sitaki kumwamsha, kwa hiyo usishangae mwandiko. Adventina anasoma barua hii kupitia begani kwangu. Nimemwambia aende akachote maji.

Kwanza nikuambie, Mwalimu Laurensia alianzia kule kazini kwako, getini, kabla hajaja gereji. Alirudi akaniambia alichoambiwa kuhusu kazi yako. Sitakiandika. Ulipoandika kuhusu msimamizi nilikuwa tayari najua, na nikakunja barua nikaiweka. Wewe ni kaka yangu. Ungesema tu huna nauli, ningeuza kuku.

Kikao kilikaa. Tulikungoja mpaka jua lilipopita juu ya migomba. Mwenyekiti akasema, "Haya, tufukue. Mama, tuonyeshe lipi, tuanze na hilo hilo." Wakanipa jembe mimi mwenyewe, wakasema mwenye mtoto ndiye anaanza, wao wanaume watamalizia. Mvua ya masika ilikuwa imeyalainisha matuta. Nililishika lile jembe. Nilijua lipi, kaka, siku ile bado nilijua, nilikuwa nahesabia kwa mibuni ya mama. Nikafikiria atakavyokuwa. Nikafikiria Mzee Xaveri ameinama anachungulia.

Nikalirudisha jembe. Nikasema, "Nilimweka mara moja. Simtoi ili nyie mmwone."

Mwenyekiti akalichukua jembe. Akasema, "Basi mama, umejishinda mwenyewe." Na ndivyo ilivyoandikwa. Mpaka ni jikoni.

Theoneste si mtu mbaya. Alingoja wiki nzima kabla ya kuanza, akapita kwangu akasema, "Dada, nikiacha tuta moja, kesho utasema tuta ndilo mpaka. Naomba usinichukie." Akayasawazisha yote. Mibuni ya mama akaikata, ilikuwa imezeeka, akaing'oa na visiki, akapanda maharage na migomba michanga juu yake. Nilikuwa nafunga dirisha la upande ule wakati wa kupika. Moshi ulituumiza macho, watoto wakalalamika, nikalifungua.

Kanda yako ilikaa kwa kondakta mpaka mwezi wa nane. Sista Jovitha akatangaza baada ya misa, na Jumapili jioni ukumbi ukajaa, watu wamepanda hadi madirishani. Uliniambia picha ndiyo shahidi. Picha ilianza milamula ikiwa imeshahamishwa. Tena yule Mzee Kashaija, kabla hajafa, anamchukua mwanawe mkubwa, anaushika mlamula ule ulio jikoni kwangu, anasema, "Mwanangu, mpaka wetu ni huu, usikubali mtu auvuke." Ukumbi mzima uligeuka kunitazama. Mzee Xaveri akasema kwa sauti, "Hata marehemu anajua!" Watu wakacheka wakashikana mikono.

Halafu ukaja msiba. Wanaleta gogo letu kwenye jeneza, wanalishusha, na kaka, ukumbi ulilia. Watu waliojua ni gogo walilia. Mama mmoja wa Bugomora, yule wa meli, alilia mpaka wakamtoa nje kumpepea. Na mimi nikajiona. Niko pembeni kabisa, nyuma ya wake za Mzee, na Gaudi mgongoni. Watu wote wamelielekea kaburi la Mzee Kashaija. Mimi nimewapa mgongo. Nimeinama upande wa pili, kwenye kile kituta cha mwisho, nalia peke yangu.

Kijana mmoja dirishani akapiga kelele, "Mama Adventina, umekosea kaburi!"

Walicheka sana. Mzee Xaveri alifuta machozi ya kilio na ya kicheko kwa leso moja. Theoneste hakucheka. Alikuwa amekaa benchi la mbele. Akasimama, akasema, "Sista, rudisha nyuma kidogo." Sista akarudisha. Nikainama tena, nikalia tena. Akasema, "Rudisha." Watu wakaanza kumzomea, wanataka kuendelea mbele waone ugomvi wa urithi. Yeye akatoka nje.

Asubuhi alikuja. Aliacha jembe kwenye ua, akaja mikono mitupu, hakukaa.

"Dada, hukuwa unaigiza."

Nikaendelea kumenya ndizi.

"Nionyeshe ni wapi. Nitapaacha. Mpaka utabaki hivyo, wazee wameshasema, lakini pale nitapaacha, na nitawaambia wanangu wapaache."

Nilinyanyuka. Nilikwenda naye. Nilikuwa na haraka, kaka, kandambili moja niliiacha njiani. Nikafika pale, nikasimama.

Hakuna mibuni. Hakuna msonge. Milamula ya zamani haipo, hata mashimo yake hayaonekani, amelimia juu. Maharage yameshavunwa, ardhi yote ni moja, tambarare, migomba michanga imesimama kwa mistari yake yeye. Nilikwenda mbele, nikarudi. Nilijaribu kuhesabu kutoka mlango wa jiko, nikafika mahali, nikaona hapana, ni huku. Nikafunga macho nione kama miguu itakumbuka. Theoneste alisimama ananingoja, amevua kofia.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Ni hapa."

Akachomeka kijiti. Jioni akaja na mawe akapazungushia, padogo tu, kama mkeka wa mtoto. Ameng'oa na mgomba mmoja uliokuwa karibu. Adventina amepanda maua pale, ananiuliza mdogo wake alikuwa anaitwa nani, maana sasa kijiji kizima kinajua. Nimemwambia anaitwa Kokuhirwa. Ndiyo mara ya kwanza nalitamka mbele ya mtu.

Lakini sijui kama ni pale. Nilimdanganya Theoneste kwa sababu alikuwa amevua kofia na niliogopa atakata tamaa aondoke. Kila asubuhi napita pale, nasimama kwenye mawe, nasali, halafu nikirudi jikoni nakanyaga taratibu kama mtu anayepita karibu na kitanda, kwa sababu labda ni hapa ninapokanyaga. Au ni kule anakopita Theoneste na mbuzi. Shamba lote limekuwa hivyo.

Kaka, kanda nimemwachia Sista. Wameomba waione tena Jumapili ijayo.

Uliyeshika jembe ni wewe. Mimi nilikuwa ndani, Mama Renatha alinizuia nisitoke kwenye mvua. Sikuoni ukija, na sikudai tena uje. Barua zangu zote hukuwahi kujibu neno hata moja kuhusu mtoto huyu. Nijibu moja tu. Ulipotoka mlango wa jiko umembeba, mbuni mkubwa wa mama uliuacha mkono wa kulia au wa kushoto? Na ulitembea sana, au kidogo?

Habari za kazi usiniandikie. Karatasi yoyote itatosha.

Mdogo wako,
Deodatha